Mdai Ni Nani

Aliyeibandika ile karatasi hakubisha hodi. Arletha Gadsden alirudi kutoka kazini, kwenye jiko la shule ya msingi alikokuwa mpishi, akaikuta imeganda mlangoni kwa utepe wa gundi. Jirani wa kushoto alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake akijifanya anamwagilia maua. Arletha akaisoma pale pale, mfuko wa viazi vitamu mkononi. Nyumba ilikuwa imechukuliwa na benki. Wanaoishi humo, wawe nani wawe nani, walipewa siku tisini wahame.

"Kwani hamkuwa mnalipa?" jirani akauliza, mpira wa maji ukimlowesha viatu.

"Tulikuwa tunalipa. Kila tarehe mosi, miaka sita. Ambaye hakuwa analipa ni mwenye nyumba."

"Ahaa," jirani akasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye amekwisha kuamua la kuamini.

Ilikuwa mwanzo wa Machi mwaka 2010, pale Fort Myers, na karatasi za namna hiyo zilikuwa zimezagaa mjini kama majani makavu. Lakini msiba wa jirani hauchomi kama wako. Arletha akaibandua ile karatasi taratibu isichanike, akaingia ndani, akawasha jiko kwanza. Alikuwa mwanamke wa kufanya jambo moja kwa wakati mmoja.

Usiku huo walikaa wanne mezani: yeye, mumewe Lemuel, binti yao Keziah wa miaka kumi na minne, na Mama Odessa, mama yake Lemuel, aliyekuwa na miaka sabini na tisa na masikio yanayosikia alichotaka yasikie. Karatasi ilikuwa katikati ya meza, kando ya sahani ya sukuma wiki.

"Yule mtu alikuja hapa mwezi uliopita tu kuchukua kodi," Lemuel akasema. "Alikunywa soda yangu. Alikaa kwenye kiti hicho!"

"Nilikwambia macho yake hayatulii," Mama Odessa akasema.

"Mama, ulisema ni kijana mzuri."

"Nilisema ana meno mazuri. Mwanangu husikilizi."

Keziah akacheka, kisha akakumbuka jambo lenyewe, akanyamaza. Lemuel alikuwa fundi wa viyoyozi. Mwaka ule watu walivumilia joto kuliko kulipa fundi, kazi zilikuwa za kuokoteza. Lakini walikuwa na akiba ya dola elfu thelathini na nne, nyingi zikiwa fidia ya bega lake lililovunjika kazini. Kwa bei za miaka mitatu nyuma, kabla soko la nyumba halijaporomoka, fedha hizo zisingenunua hata gereji. Mwaka ule zilitosha nyumba, mradi mtu ajue ipi.

"Sitaki kupanga tena," Arletha akasema. "Nyumba za mnada zimejaa. Tutanunua yetu."

"Shemasi Tisdale ana orodha," Lemuel akasema haraka, kana kwamba alikuwa amelisubiri neno hilo. "Anajua habari za nyumba hizo zote. Jumapili nitamleta."

*

Shemasi Clovis Tisdale alikuja baada ya ibada na suti yake ya rangi ya krimu, akala kuku wa kukaanga vipande vitatu, ndipo akafungua mkoba. Orodha ilikuwa kurasa arobaini, zimechapwa vizuri, zina picha. Alikuwa ameilipia kwenye mtandao, akasema, na kila aliyesaidiwa nayo kanisani humchangia dola mia tano tu, za wino na petroli.

"Hii hapa," akasema, akibonyeza ukurasa kwa kidole chenye pete. "Mtaa wa Heron Trace, kule Lehigh, nje kidogo ya mji. Vyumba vitatu, bafu mbili, sakafu ya vigae. Mnada ni tarehe nane Aprili, mahakamani. Mnaona bei ya kuanzia? Dola elfu sita na mia nne."

Lemuel akapiga mluzi. Arletha akaivuta ile karatasi kwake. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, rangi ya maziwa, nyasi zimekatwa.

"Mbona rahisi hivyo?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo mnada, dada yangu."

"Nyumba nyingine humu ni elfu arobaini, hamsini. Hii elfu sita. Ina nini?"

Shemasi akamtazama Lemuel na kutabasamu, kama mwanamume amtazamaye mwenzake mtoto anapouliza mbingu imeshikiliwa na nini. "Dada Arletha, Mungu akikufungulia mlango huulizi bawaba zimetoka wapi. Unaingia."

Lemuel akacheka. Hata Mama Odessa akacheka, kwa kuwa alimpenda Shemasi. Arletha hakuinamisha uso.

"Kizuri chajiuza, Shemasi. Kibaya ndicho kinachotembezwa. Hii habari umeipata kwa nani?"

"Kwenye orodha."

"Na orodha imeipata kwa nani?"

"Arletha," Lemuel akasema, taratibu.

"Nauliza tu."

"Mke wako," Shemasi akamwambia Lemuel, akijifuta vidole, "angefaa polisi."

Dola mia tano zilitolewa kwenye bahasha siku hiyo hiyo. Shemasi alipokwisha kuondoka, Lemuel alisimama mlango wa jikoni na bega lake bovu ameliegemeza.

"Umeniaibisha mbele ya mtu wa Mungu."

"Yeye amenicheka nyumbani kwangu, kwenye meza yangu, mdomo wake umejaa kuku wangu. Nani kaaibishwa?"

"Watu watatu kanisani wamepata nyumba kupitia kwake."

"Wameshapewa hati?"

Lemuel hakujua. Ndipo Arletha alipoona kwamba hakuna aliyejua, wala aliyeuliza. Kila mmoja alikuwa amesimama juu ya neno la mwenzake.

*

Jumatano aliomba ruhusa shuleni baada ya watoto kula, akaenda mahakamani bado amevaa viatu vyeupe vya jikoni. Dirisha la kwanza alikaa foleni dakika arobaini. Msichana wa dirishani alitazama viatu kabla ya uso.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana."

"Wakala wa nyumba?"

"Mpishi."

"Mafaili ya kesi huwa wanatazama mawakili, mama."

"Ni siri?"

Msichana akasita. "Si siri. Ni ya umma."

"Basi mimi ndiye umma," Arletha akasema, na mzee mmoja nyuma yake kwenye foleni akacheka kwa sauti.

Akaelekezwa chumba cha pembeni chenye kompyuta sita na karani mmoja wa Kizungu, mfupi, miwani shingoni, jina lake Weldon Pruitt. Huyu hakutazama viatu. Alimpa kiti, akamwonyesha pa kuandika namba ya kesi, akarudi kwenye meza yake. Arletha akaandika kwa vidole viwili. Karatasi zikatokea, kurasa na kurasa. Alisoma robo saa, akaelewa kidogo mno. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Bwana Pruitt, nataka kujua nyumba hii ni salama kununua au si salama."

"Hilo siwezi kukwambia. Sheria hainiruhusu kutoa ushauri. Nikikushauri leo, kesho natafuta kazi." Akavuta kiti. "Ila kukufundisha kusoma sijakatazwa. Soma pale juu kabisa. Mdai ni nani?"

Arletha akasoma. "Chama cha Wenye Nyumba wa Heron Trace."

"Na mdaiwa?"

"Ileana Cotto."

"Anadaiwa nini?"

Akashuka chini na kidole. "Ada za chama. Za kukata nyasi, taa, geti. Dola elfu sita na mia nne." Akasimamisha kidole. Ndiyo ile bei ya kuanzia.

Bwana Pruitt akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai ingawa haikuwa chafu. "Watu wengi hapa mjini hununua nyumba kwa mkopo wa benki," akasema, kama mtu anayejisemea. "Mimi, ningekuwa nasoma faili hilo, ningejiuliza benki imekwenda wapi."

Akamwonyesha daftari jingine, la hati na rehani, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Arletha akaandika jina: Cotto. Mwaka 2006, rehani, dola laki moja na elfu themanini na saba. Akatafuta karatasi ya kuonyesha kwamba imelipwa ikafutwa. Akatafuta tena kwa jina la kwanza, tena kwa anwani. Haikuwepo.

Sasa picha ikaanza kumjia. Chama kilikuwa kinainadi nyumba kwa ada zake. Rehani ya benki ilikuwa ya kwanza na ilikuwa nzima. Ingebaki imeikalia nyumba ile hata nyumba ikibadilisha wenyewe mara kumi. Atakayenunua kwa elfu sita angekuwa amenunua mbuzi kwenye gunia, na ndani ya gunia deni la watu. Siku benki ikija, ingemtoa yeye.

"Lakini labda amelipa na karatasi haijaletwa," akamwambia Bwana Pruitt wakati wa kuondoka. "Inawezekana?"

"Inawezekana. Makaratasi huchelewa."

"Nani anajua kwa hakika?"

Karani akafikiri. "Benki, lakini haitakwambia. Na mwenye deni."

*

Nyumba ya Heron Trace ilikuwa na pazia lililofungwa na gari dogo uani. Arletha alikaa ndani ya gari lake dakika tano. Kubisha mlango wa mtu anayenyang'anywa nyumba, umuulize deni lake! Lakini hata yeye alikuwa na karatasi mlangoni kwake, na alijua kinachouma si kuulizwa. Kinachouma ni kusemwa.

Akabisha.

Mwanamke aliyefungua alikuwa mwembamba, umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa sare ya nyumba ya wazee. Mlango aliufungua kiasi cha jicho. "Kama ni chama, nimeshasema sina."

"Mimi si chama. Naitwa Arletha Gadsden. Nyumba yako iko kwenye orodha ya mnada na mume wangu anataka kuinunua. Nimekuja kukuuliza wewe kabla sijamwamini mtu mwingine."

Mlango ukafunguka zaidi kidogo. "Kuniuliza mimi?"

"Kuna anayeijua zaidi yako?"

Ileana Cotto akacheka, kicheko kikavu cha kushtukia, akamkaribisha. Ndani kulikuwa na joto, safi, nusu ya vitu viko kwenye maboksi. Mtoto wa kike wa miaka tisa alikuwa anachora mezani. Ileana akatengeneza kahawa nzito, ya Kipuerto Riko, ndani ya vikombe vidogo.

"Benki sijailipa miezi ishirini," akasema bila kuulizwa mara ya pili. "Mume aliondoka, kazi zikawa nusu. Nadaiwa laki na themanini na saba, na riba. Benki ina nyumba nyingi mno, haijanifikia. Chama ndicho kina haraka. Atakayenunua tarehe nane atanunua mwaka mmoja wa kukaa, labda miwili. Kisha benki itakuja." Akakipuliza kikombe chake. "Mwambie mumeo asinunue."

"Kwa nini unaniambia? Ungenyamaza usingepoteza kitu."

"Na ningepata nini? Nikusikie umelia hapo nje miaka miwili ijayo?" Akatazama kwa dirisha. "Unaiona ile ya tatu kutoka kona? Namba kumi na nne."

Arletha akatazama. Nyasi zilifika kiunoni. Dirisha moja limezibwa kwa ubao.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya usoni. Ile benki imekwisha kuichukua, kesi imefungwa, tangu mwaka jana. Wazee waliokaa pale waliweka paa jipya baada ya kimbunga. Mimi niliwaona mafundi. Hakuna anayeitaka kwa sababu wezi waliiba kiyoyozi, mashine nzima, na nyaya za shaba. Kila anayekuja anahisi joto, anakimbia."

Arletha akaweka kikombe chini polepole. "Mume wangu," akasema, "ni fundi wa viyoyozi."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakacheka mpaka mtoto akaacha kuchora.

*

"Kwa hiyo Shemasi ni mwongo?" Lemuel aliuliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni.

"Sijasema mwongo. Nimesema hajasoma."

"Na wewe umesoma."

"Nimesoma, nimeuliza, nimebisha mlango. Karatasi hizi hapa, nimelipa dola moja kila ukurasa. Soma. Mdai ni nani?"

Lemuel hakuzichukua. Si kwamba hakumwamini mkewe. Alikuwa mtu aliyekuwa na kazi nzuri na bega zima, sasa hana hiki wala kile, na mpango wa ile nyumba ndilo jambo pekee alilokuwa amelifanya mwaka ule kama mwanamume wa nyumba. Arletha aliliona hilo. Akakaa kando yake.

"Lem, fedha hizi ni bega lako. Sitaziacha zikaliwe na mtu."

Lemuel akavua ile soksi. "Nilimpa neno langu kwamba nitakwenda mnadani."

"Twende. Kwenda si kununua. Ila kwanza twende namba kumi na nne, uniambie wewe. Ile siijui mimi. Ile ni kazi yako."

Hapo ndipo alipozichukua karatasi.

*

Tarehe nane Aprili, saa tatu asubuhi, ukumbi wa mahakama ulijaa wanaume wenye simu mbili mbili. Shemasi Tisdale alikuwa safu ya mbele. Na kando yake, na kofia yake ya Jumapili na pochi ameikumbatia kifuani, alikaa Bi Hester Mims, mjane wa miaka sabini wa kanisani kwao.

"Bi Hester! Umefuata nini?" Arletha akamuuliza.

"Nyumba, mwanangu. Shemasi kanitafutia ya Heron Trace. Vyumba vitatu! Wajukuu watapata pa kulala."

Lemuel akageuza shingo akamtazama Shemasi. "Heron Trace? Ileile?"

Shemasi akakohoa. "Mnada ni mnada, Ndugu Lemuel. Mwenye bahati hupata."

"Umetuuzia wote wawili habari moja?"

"Na Ndugu Ezell pia," Bi Hester akasema bila hila, "lakini yeye anaumwa."

Kabla hawajamaliza, msoma mnada akaitaja kesi yenyewe. Zabuni zikaanza kuruka: elfu saba, nane, tisa. Bi Hester akainua mkono wake wenye glavu nyeupe. Elfu kumi. Mtu wa nyuma akasema kumi na mbili. Bi Hester akaanza kuuinua tena.

Arletha akaushika ule mkono, akaushusha.

"Bi Hester, usiinue. Hiyo nyumba ina rehani ya benki. Laki na themanini na saba."

"Dada, unavuruga mnada!" Shemasi akanong'ona kwa ukali.

"Yule mama akae!" msoma mnada akasema. "Au atolewe."

Vichwa vikageuka. Mtu mmoja mwenye simu mbili akacheka, "Mpishi kaja kufundisha sheria," kwa kuwa Arletha alikuwa bado na viatu vyake vyeupe vya jikoni. Arletha akabaki amesimama. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti iliyozoea kunyamazisha watoto mia tatu wenye njaa, ikafika mpaka ukutani.

"Nitakaa, bwana. Nina swali moja tu, na jibu liko kwenye faili lako. Mdai ni nani?"

Msoma mnada akafunua karatasi. Pengine kwa hasira, pengine kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akasoma: "Mdai ni chama cha wenye nyumba. Mnunuzi anachukua nyumba pamoja na madai yaliyotangulia, kama yapo. Imeandikwa kwenye tangazo. Tunaendelea."

Mikono minne mitano ikashuka palepale. Bi Hester akaikumbatia pochi yake kwa nguvu zaidi. Lemuel akaja akasimama upande wa pili wa mkewe, mrefu, kimya, uso ameuelekeza kwa Shemasi. Mwishowe nyumba ikaenda kwa dola elfu kumi na nne kwa mtu wa mji wa Tampa mwenye kaptura, aliyetia sahihi bila kutazama. Yeye alijua anachonunua: angepangisha mpaka benki ije, kisha aende zake. Wanaojua hununua hata hasara wakaipata faida. Wasiojua ndio wanaolipia darasa.

Nje, kwenye ngazi, Shemasi alikuwa anafuta jasho. "Mngeniambia faraghani. Mmenidhalilisha."

"Shemasi," Lemuel akasema, "mke wangu alikuuliza nyumbani, faraghani. Ukamcheka." Akanyoosha mkono wake mzima. "Mia tano yangu. Na ya Bi Hester."

Za Bi Hester zilirudi siku ileile. Za Lemuel zilirudi nusu, na nusu ya pili haijarudi mpaka leo. Shemasi hakuomba radhi. Kanisani alianza kumsalimia Arletha kwa vidole viwili, kutoka mbali. Arletha akaridhika na salamu hizo.

*

Namba kumi na nne Lemuel alikuwa amekwisha kuikagua siku tatu kabla ya mnada. Alipanda darini na tochi, akashuka amejaa utando wa buibui na macho yanang'aa. Paa zima. Mabomba ya hewa mazima. Walichoiba ni mashine ya nje na shaba yake, na mashine kama hiyo, iliyotumika, angeweza kuipata kwa dola mia saba na kuifunga mwenyewe kwa siku mbili. "Wanaikimbia hii?" alimwambia Arletha. "Hii inaumwa mafua tu!"

Arletha kwa upande wake alirudi kwa Bwana Pruitt mara nne. Alisoma kesi ya namba kumi na nne mwanzo hadi mwisho: mdai, benki, rehani ya kwanza, hukumu imetoka, mnada umefanyika, hati imehamia benki. Akaenda ofisi ya wilaya akakuta faini ya nyasi ndefu, dola elfu moja na mia mbili. Akakiandikia chama barua, kimpe kwa maandishi ada zinazodaiwa. Kisha, kwa kuwa alijua kusoma kwake kuna mwisho, akalipa kampuni ya kukagua hati dola mia moja na hamsini irudie yote aliyoyafanya. Ikapata yaleyale, na deni moja la maji lililomponyoka.

"Unaona?" Mama Odessa akasema. "Lilikuponyoka."

"Ndiyo maana niliwalipa, mama."

Benki ilitaka elfu thelathini na nane. Wakala wao, kijana wa tai nyembamba, alizungumza na Lemuel tu, akimpa Arletha mgongo, mpaka Lemuel alipomwambia, "Rafiki, unazungumza na fundi. Mwenye kununua ni yule." Arletha akafungua faili lake. Akaweka faini, akaweka ada, akaweka maji, akaweka makadirio ya kiyoyozi, moja moja, kama anayepanga sahani. Akasema elfu ishirini na tisa, na benki ifute madeni hayo yote kabla ya sahihi. Kijana akasema benki haitakubali kamwe. Arletha akasema atasubiri. Wiki mbili baadaye benki ikakubali elfu thelathini.

Walihamia katikati ya Mei, siku zikiwa zimebaki za kutosha. Jirani wa zamani alitoka kuwatazama wakipakia. "Mnakwenda kupanga wapi?" akauliza.

"Hatupangi," Keziah akamjibu, kabla mama yake hajafungua mdomo.

*

Alhamisi ya mwisho ya Mei, karatasi ilibandikwa kwa Ileana. Mtu wa Tampa alikuwa amemtaka dola mia tisa za kodi kila mwezi, hakuwa nazo. Sasa askari wa mahakama alikuwa amempa saa ishirini na nne. Dada yake alikuwa Orlando, na angempokea, lakini shule ingefungwa baada ya majuma mawili, na binti yake, Yadira, alikuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka.

Arletha alimkuta amekaa kwenye boksi, karatasi mapajani.

"Nimeisoma," Ileana akasema. "Hakuna la kusoma zaidi. Ni halali."

Arletha akaisoma hata hivyo, mstari kwa mstari, kwa kuwa sasa ilikuwa tabia yake. Ilikuwa halali. Akaikunja.

"Yadira analala kitanda gani?"

"Kile kidogo. Kwa nini?"

"Keziah ana chumba kikubwa mno. Analalamika anasikia mwangwi. Na wewe sofa ni lako mpaka shule ifungwe."

"Hapana, Arletha. Watu watatuona. Mtaa mzima huu unajua nimetolewa."

"Nami nilitolewa. Lete kitanda."

"Mumeo atasema nini?"

Lemuel alikuwa ameshaingia mlangoni, ameshika bisibisi. "Nitasema kiyoyozi nilichofunga kinapoza watu kumi," akasema. "Kwa sasa kinapoza wanne. Ni ubadhirifu."

Wakakifungua kitanda. Saa kumi jioni, jua bado kali, watu wametoka kazini, wakaivuka barabara: Lemuel na mbao kwenye bega lake zima, Keziah na Yadira na mito, Mama Odessa mlangoni pa namba kumi na nne akiwapa maelekezo ambayo hakuna aliyeyahitaji. Ileana na Arletha walikuwa nyuma yao na godoro, Ileana ameshika mbele, Arletha nyuma. Mwanzoni Ileana alikuwa amelipandisha ili limfunike uso. Walipofika katikati ya barabara gari likasimama kuwapisha, na dereva akawaangalia.

"Shusha kidogo," Arletha akasema kutoka nyuma. "Huoni unakokwenda."

Ileana akalishusha. Akamtazama dereva, akampa ishara ya kichwa kama mtu amsalimiaye jirani, na dereva akaitikia. Wakavuka.